Kigogo Akijiuzulu, Anza na Tarehe

Habari ya mkubwa kujiuzulu hufika kwenye simu kabla ya kufika redioni, na mara nyingi hufika na hukumu yake tayari. Huyu anasema ni shujaa, yule anasema kasukumwa, mwingine anasema katolewa kafara. Mimi nilikuwa karani wa masjala katika wizara moja, tangu ofisi zikiwa Dar es Salaam hadi tulipohamia Mtumba, Dodoma. Barua ikija tuliipokea, tukaigonga muhuri, tukaipa namba ya folio, yaani nafasi yake ndani ya jalada, na kuiweka kwenye jalada lake. Kuhukumu halikuwa jukumu letu. Lakini ukikaa na majalada kwa miaka unaanza kuona jambo moja: maneno ya barua hutungwa, tarehe zake ni vigumu kutunga. Ukitaka kujua kujiuzulu kwa kigogo kunasema nini kuhusu uongozi wa nchi, anza na tarehe. Nitaeleza ninavyofanya, kwa mifano ya kwetu ambayo kila mtu anaweza kuifuatilia.

Jua kwanza umeshika karatasi gani

Kujiuzulu ni barua inayotoka kwa mhusika kwenda juu. Kutenguliwa uteuzi ni taarifa inayotoka juu kuja chini. Mitaani vyote viwili huitwa "kaachia ngazi", na hapo ndipo usomaji unapoharibika tangu mwanzo.

Chukua usiku wa tarehe 20 Desemba 2013 bungeni Dodoma. Kamati iliyoongozwa na James Lembeli ilikuwa imewasilisha taarifa ya Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na majangili, ambayo wananchi walilalamika kuwa imewatesa, imeua watu na kuangamiza mifugo. Khamis Kagasheki, Waziri wa Maliasili na Utalii, alisimama mwenyewe na kutangaza kwamba anajiuzulu. Wengine watatu, Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi na Mathayo David Mathayo wa Mifugo, uteuzi wao ulitenguliwa na Rais Kikwete, na Waziri Mkuu Pinda ndiye aliyelitangazia Bunge. Kesho yake watu wengi walisema mawaziri wanne wamejiuzulu. Sivyo. Aliyejiuzulu ni mmoja, na hatua yake inatueleza habari zake yeye. Wale watatu wanatueleza habari za Rais: kwamba alipoona Bunge zima limechemka, wabunge wa chama chake wakiwemo, aliamua kukata usiku uleule.

Sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, zile fedha zaidi ya shilingi bilioni 306 zilizokuwa Benki Kuu kisha zikatolewa, lilitoa njia tatu za kuondoka ndani ya kashfa moja. Jaji Frederick Werema, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, aliandika barua ya kujiuzulu Desemba 16, 2014. Profesa Anna Tibaijuka, Waziri wa Ardhi, aliondolewa, na nchi ikasikia hivyo kwenye hotuba ya Rais kwa wazee wa Dar es Salaam tarehe 22. Profesa Sospeter Muhongo, Waziri wa Nishati na Madini, aliwekwa "kiporo", yaani uamuzi juu yake uliahirishwa, katika hotuba hiyohiyo, kisha akajiuzulu Januari 24, 2015. Ukiwaweka wote kwenye fungu moja unapoteza habari iliyo muhimu kuliko zote, nayo ni nani aliyefanya uamuzi.

Na kabla ya yote, hakikisha karatasi yenyewe ni ya kweli. Barua za kughushi zinazunguka kila kukitokea joto la kisiasa. Subiri mhusika aseme mwenyewe, au Ikulu, au Bunge. Saa mbili za kusubiri hazimdhuru mtu.

Anwani, nakala na muhuri

Watu hukimbilia aya ya katikati, pale penye sababu. Mimi naanzia juu na chini. Juu kuna anayeandikiwa, chini kuna orodha ya waliopewa nakala. Anayeandikiwa ndiye ambaye mwandishi anamtambua kuwa mwenye kiti.

Job Ndugai alipojiuzulu Uspika Januari 6, 2022, alieleza kwamba barua yake ameiandikia Katibu Mkuu wa CCM, na nakala kwa Katibu wa Bunge. Wanasheria kadhaa waliuliza papo hapo kwa nini haikuelekezwa kwa Bunge lenyewe, maana wabunge ndio waliomchagua. Kwangu mimi mstari ule wa anwani ulikuwa na uzito kuliko aya zote zilizofuata. Mkuu wa mhimili mzima wa dola anaondoka, na ofisi ya kwanza kuandikiwa ni ofisi ya chama. Huhitaji kuambiwa na mchambuzi nguvu iko wapi. Imeandikwa juu kabisa.

Muhuri nao una habari yake. Barua rasmi ina tarehe mbili: aliyoandika mwandishi, na ile ya muhuri wa kupokelewa. Nakumbuka barua moja, mwenyewe simtaji na mwaka siutaji, iliyoletwa na katibu muhtasi Jumatano asubuhi. Mkubwa alikuwa keshaondoka, watu wameshasikia, ila barua haikuwa imefika popote.

"Shikamoo mzee. Wamesema igongwe ya Jumatatu."

Mkuu wetu wa masjala alikuwa mtu wa Iringa, mpole, hakuinua hata uso. "Marahaba mwanangu. Muhuri wangu leo ni Jumatano."

Akaigonga, akaandika saa kwa kalamu pembeni, akaniambia niingize kwenye rejista. Jalada lile mpaka leo linaonyesha kwamba uamuzi ulitangulia na barua ikafuata. Wewe raia huoni rejista ya masjala, lakini unaweza kufanya kazi ileile kwa vyombo vya habari. Andika lini habari ilivuja, lini barua ilitajwa, lini mrithi alitangazwa. Mrithi akitajwa saa chache baada ya barua, jua kwamba kiti kilikuwa kimeshazungumzwa kabla.

Chora mistari, upime kasi

Hapa ndipo penye moyo wa jambo, na ndipo ninapokuomba utulie. Chukua daftari, la shule linatosha. Chora safu nne: siku jambo lilipotokea, siku lilipojulikana hadharani, siku mtu alipoondoka, na chombo kilichomsukuma. Halafu jaza matukio unayoyajua.

Mstari wa Richmond. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, mgao wa umeme ukabana nchi nzima. Juni mwaka huo ukasainiwa mkataba na kampuni ya Richmond wa kuleta umeme wa dharura wa megawati 100. Umeme haukuja kwa wakati, na mkataba ukahamia kwa kampuni ya Dowans. Novemba 2007 Bunge likaunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Taarifa ikasomwa Februari 6, 2008. Februari 7, Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu, na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakamfuata. Kwa Katiba yetu, Waziri Mkuu akiondoka Baraza lote la Mawaziri linakwenda naye, kwa hiyo Rais akaanza upya na Mizengo Pinda.

Hesabu sasa. Tangu mkataba hadi kuondoka ni miezi ishirini hivi. Tangu taarifa kusomwa hadi kuondoka ni siku moja. Namba hizo mbili zinasema mambo mawili kwa pamoja, na yote mawili ni kweli. Serikali haikujiwajibisha yenyewe kwa mwaka mmoja na nusu. Lakini Bunge lilipoweka karatasi mezani, hakuna aliyeweza kuhimili hata wiki.

Mstari wa Escrow. Maazimio ya Bunge yalipitishwa mwishoni mwa Novemba 2014, na wa mwisho kuondoka aliondoka karibu wiki nane baadaye. Wakati wa Richmond siku moja ilitosha. Mamlaka ya uteuzi ilikuwa ya Rais yuleyule, Kikwete. Kilichobadilika ni namna alivyolibeba: mara hii alichagua kutoa mtu mmoja mmoja, kwa vipindi.

Mstari wa Spika. Desemba 28, 2021, Ndugai alizungumza Dodoma kuhusu mikopo na tozo, akahoji kama nchi haitafika mahali ikapigwa mnada. Januari 3 akaomba radhi hadharani. Januari 4 Rais Samia akayazungumzia maneno yale Ikulu, na hakuyaficha machungu yake. Januari 6 Spika akajiuzulu. Siku tisa.

Sasa soma mistari mitatu kwa kuilinganisha. Mkataba wa umeme, miezi ishirini. Fedha za Escrow, wiki nane baada ya maazimio, na ukihesabu tangu fedha zilipotoka, zaidi ya mwaka. Sentensi kuhusu mkopo, siku tisa. Utasema uchunguzi wa mkataba unahitaji muda na sentensi haihitaji uchunguzi, na nakubaliana nawe, ndiyo maana usitoe hukumu kwa mstari mmoja. Lakini ukijaza daftari kwa miaka na ukakuta kila mara kauli inaondoa watu haraka kuliko fedha, hapo umeshasoma vipaumbele vya uongozi bila kumsikiliza msemaji yeyote. Mimi daftari langu limejaa, na linaniumiza kulitazama.

Nani aliyesukuma

Safu ya nne ina majibu machache tu: Bunge, Rais, chama, mahakama, wananchi, au dhamiri ya mtu mwenyewe. Bunge likisukuma, jua kuna chombo kilichofanya kazi. Mwaka 2008 Spika Samuel Sitta aliruhusu taarifa isomwe bungeni na nchi ikasikia. Chama kikisukuma, kama Dodoma mwezi Januari 1984 pale Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar, alipolazimika kuachia nyadhifa zake zote kutokana na "kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar", unajua hoja yake imezimwa ndani ya ukumbi. Hoja ilikuwa muundo wa Muungano. Jumbe alihamia maisha ya kimya Mjimwema, Kigamboni, hadi alipofariki 2016, na hoja yenyewe bado tunaijadili.

Hapa uwe mwadilifu kwa anayeondoka pia. Lowassa alilalamika bungeni kwamba kamati haikumwita kumhoji. Unaweza kuamini taarifa ya Mwakyembe kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho na bado ukakubali kwamba lalamiko lile lilistahili jibu. Mtu akiondolewa bila kusikilizwa, uongozi umepungukiwa hata kama ameondolewa kwa haki.

Na kuna kuondoka kusiko na kashfa wala msukumo unaoonekana, ambako ni nadra mno. Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, Nyerere aliacha Uwaziri Mkuu akamwachia Rashidi Kawawa ili akajenge chama chao, TANU, mikoani. Kiongozi anayeweza kuondoka kwenye kiti akijua anayekalia hatamgeuka anatuonyesha kwamba ana watu wa kuaminiana nao. Sijui ni lini tena tumeona hivyo.

Dhambi ya nani

Uliza kama aliyeondoka alitenda mwenyewe, au alibeba ya walio chini yake. Hili ndilo swali linalotenganisha uwajibikaji na adhabu.

Mwaka 1976 mahabusu waliokuwa wakihusishwa na mauaji ya vikongwe Shinyanga na Mwanza waliteswa, na baadhi walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumgusa mtu, hakuwa kwenye chumba chochote cha mateso. Akajiuzulu, kwa sababu wizara ilikuwa yake. Baadaye akapelekwa ubalozi Misri, akarudi, na 1985 akawa Rais wa nchi.

Sasa weka pembeni yake MV Nyerere, kivuko kilichozama Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018. Watu 228 walikufa. Rais Magufuli alivunja bodi ya TEMESA, wakala wa serikali unaoendesha vivuko, na kumwondoa mtendaji mkuu wake. Waziri mwenye dhamana alibaki. Naomba usipite haraka hapa. Kwenye tukio la kwanza uwajibikaji ulipanda hadi juu kwa waziri ambaye hakuwepo. Kwenye la pili uliishia kwa watendaji. Tafuta siku zote ngazi ambayo lawama inasimama. Ikisimama kwa mkurugenzi kila mara, basi mawaziri wa nchi hiyo wana kinga ambayo haijaandikwa popote, na mkurugenzi wa kesho analijua hilo anapopewa amri ambayo hakubaliani nayo.

Tazama anavyotendewa aliyeondoka

Wiki mbili baada ya kujiuzulu zinafundisha kuliko siku yenyewe. Kenya, Aprili 1966, Jaramogi Oginga Odinga aliacha Umakamu wa Rais baada ya mkutano wa KANU wa Limuru kuufuta wadhifa wake wa makamu wa chama na kuweka makamu wanane. Kabla mwezi haujaisha Katiba ilikuwa imebadilishwa, ikimtaka kila mbunge anayehama chama arudi kwa wapiga kura. Serikali inayobadilisha sheria mara tu mtu akitoka inakiri kwamba inaogopa wangapi wangemfuata.

Kwetu, Julai 2025, Humphrey Polepole aliandika barua ya kujiuzulu ubalozi wa Cuba akieleza kutoridhishwa na mwenendo wa uongozi. Siku chache baadaye ikaja taarifa kwamba uteuzi wake umetenguliwa na hadhi ya ubalozi ameondolewa. Mtu aliyekwisha kujiuzulu akatenguliwa. Kwa jicho la masjala, jalada lilikuwa limefungwa na barua yake, na mtu akalifungua ili folio ya mwisho isiwe ya kwake. Oktoba mwaka huohuo familia yake ilisema amechukuliwa kwa nguvu kutoka nyumbani Dar es Salaam. Mimi siwezi kuandika hilo nikiwa nimetulia. Nchi ambayo kigogo anaogopa kutoa barua ni nchi ambayo Rais atabaki amezungukwa na watu wa "ndiyo mzee" hadi siku jambo litakapoharibika, na hapo hatakuwepo wa kumwambia.

Mstari usiufunge mapema

Safu ya tano ichore baadaye: amerudi? Amos Kimunya, Waziri wa Fedha wa Kenya, alisema heri afe kuliko kujiuzulu, mwaka 2008, akakaa pembeni Julai hiyohiyo kwa sakata la hoteli ya Grand Regency, na Januari 2009 akarudi barazani kwa wizara nyingine. Muhongo alirudishwa wizara ileile ya Nishati na Madini Desemba 2015, hata mwaka haujatimia, na Mei 2017 akaondolewa tena, safari hii kwa suala la makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje. Lowassa alibaki mbunge wa Monduli, na 2015 akapata kura zaidi ya milioni sita akigombea urais kwa tiketi ya Chadema. Nchimbi wa Tokomeza alikuwa Katibu Mkuu wa CCM ilipofika 2024.

Kurudi si kosa. Mwinyi alirudi, na hakuna anayemlaumu. Unachotafuta ni kilichotokea katikati. Alisafishwa na uchunguzi uliosomwa hadharani, au muda ulipita tu na watu wakasahau? Kama ni muda tu, basi kule kuondoka kulikuwa likizo, na aliyempa likizo hakukusudia jambo libadilike.

Sehemu hii ndiyo inayochukua miaka, na wengi huiacha. Usiiache. Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge, tunazoziita Hansard, zipo kwenye tovuti ya Bunge kwa kila mtu. Ukitaka pa kuanzia, chukua zile za Desemba 2013. Soma orodha ya maazimio kuhusu Tokomeza, andika kila azimio kwenye mstari wake, kisha umuulize mbunge wako kwa maandishi ni lipi lililotekelezwa na lini. Barua yako iwe na tarehe, na ukiipeleka ofisini kwake ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.